Besi ya kazi: namna ya kuinunua, kuipiga ukumbini na kuiuza

Besi yangu ya kwanza, lile gitaa la nyuzi nene, niliinunua Kariakoo saa moja jioni, nimetoka kazini, hela inaniwasha mfukoni. Ilikuwa nyekundu, inang'aa chini ya taa za dukani. Nikagusa nyuzi mbili bila ampu, nikalipa. Wiki mbili baadaye, kwenye sendofu moja Tabata, nilikuwa sawa na kinanda kila nilipokaa chini ya shingo, ila nikipanda kupita freti ya saba, kile chuma cha saba kinachokatiza shingo, noti zote zinazidi, ziko juu kuliko zinavyotakiwa. Mpiga kinanda akaanza kunitazama. Mpiga solo akanisogelea, akaninong'oneza: "Kaka, tyuni." Nikatyuni. Nikatyuni tena. Shida haikuwa hapo. Shingo ilikuwa imeinama kama upinde, nyuzi ziko juu mno, na sikuwa nimeitazama shingo hiyo hata mara moja kabla ya kutoa hela.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: mchana ana shughuli nyingine, Ijumaa na Jumamosi yuko ukumbini, Jumapili yuko kanisani. Kwa mtu huyo besi ni kama cherehani kwa fundi nguo. Inatakiwa ifanye kazi usiku kucha, irudishe gharama yake, na siku ukiiuza imfae mwingine.

Kwanza, utaipigia wapi?

Swali la nyuzi nne au tano linaamuliwa na kazi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ni E, unaotoa mtikisiko wa kama hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano inaongeza B ya chini, kama hezi 31. Ukipiga sana kanisani, ambako mpiga kinanda anahamisha ki, ile noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, kila mwimbaji anapobadilika, mara D, mara Db, ule uzi wa tano unakuokoa. Unabaki chini badala ya kuruka juu katikati ya wimbo. Kwa dansi, rumba na kopi za harusini, nne zinatosha kabisa. Tena besi nyingi za bei ya chini zenye nyuzi tano huwa na B iliyolegea, isiyo na noti ya kueleweka, na spika za baa zetu nyingi hazifiki huko chini hata kama uzi ni mzuri. Anayeanza namshauri nne.

Halafu kuna pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi. Mifano miwili ndiyo inayoigwa na karibu kila kiwanda: Precision ya Fender, iliyotoka 1951, na Jazz Bass ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka 1960. Precision, hasa tangu ilipopewa pikapu iliyogawanyika vipande viwili mwaka 1957, ina sauti nene inayokaa mahali pamoja. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba, na sauti yake inaongea zaidi katikati. Siku hizi kuna besi za bei nafuu zenye pikapu za aina zote mbili, kwa mfano Yamaha TRBX174. Kwa mtu wa harusi na kanisa mpangilio huo unafaa sana, kwa kuwa unazungusha kidogo tu na umepata sauti nyingine.

Zipo besi za betri na zisizo na betri. Yenye betri ya volti 9 inakupa nguvu na marekebisho zaidi, lakini betri ikiisha katikati ya "Bwana harusi ingia", sauti inakoroma au inakata kabisa. Ukinunua ya betri, jizoeze mawili: chomoa jeki kila ukimaliza kupiga, maana jeki ikibaki ndani betri inaendelea kuliwa, na weka betri mpya kwenye begi muda wote.

Bajeti ipige kwa shoo. Tuseme besi ni laki 6, unalipwa elfu 40 kwa usiku, nauli na maji vinakula elfu 10. Unabaki na elfu 30, kwa hiyo besi inajilipa kwa shoo 20. Kama unapata shoo mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi kumi. Je, uko tayari? Kama sivyo, tafuta ya laki 3 iliyotumika, ukague vizuri. Usisahau kutenga hela ya begi lenye sponji, waya wa jeki mzuri na seti moja ya nyuzi. Watu wanamaliza hela yote kwenye gitaa, kisha wanalibeba kwenye mfuko wa rambo.

Kukagua: hapa usiwe na haraka

Nenda mchana. Nenda na waya wako wa jeki, simu yenye programu ya tyuna, na betri mpya ya 9V kama besi ni ya betri. Kama una rafiki mpiga besi, mnunulie soda uende naye. Mwombe muuzaji akuwekee ampu. Akikataa kabisa kuiwasha, mshukuru uondoke.

Anza na shingo. Shika besi kama seremala anavyoshika ubao: weka jicho moja upande wa mwisho wa kiwiliwili, tazama kuelekea kichwani kupitia ukingo wa shingo. Ukingo wa kushoto na wa kulia uinuke na kushuka pamoja. Kama mmoja unaenda huku na mwingine kule, shingo imejisokota, na hiyo haina fundi wa bei rahisi. Iache.

Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa kidole cha kulia. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama karibu na freti ya saba au ya nane: panatakiwa pawe na mwanya mdogo, kama unene wa kadi ya mawasiliano. Usipokuwepo kabisa, shingo imejikunja nyuma na nyuzi zitakoroma. Ukiwa mkubwa kiasi cha kupitisha shilingi, imeinama mbele. Hali zote mbili huwa zinarekebishika kwa kile chuma kirefu kilicho ndani ya shingo, kinachozungushwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita. Mwombe muuzaji akizungushe kidogo mbele yako. Kisipozunguka, au kikizunguka bila kushika chochote, rudisha gitaa ukutani.

Kipimo cha tatu ndicho kingeniokoa mimi. Tyuni uzi ukiwa wazi, halafu bonyeza freti ya 12 uupige tena. Noti inatakiwa iwe ile ile, juu zaidi kwa oktava moja. Tyuna ikionyesha imezidi kidogo au imepungua kidogo, si neno: kule chini kwenye daraja kuna vipande vidogo ambavyo kila uzi umelala juu yake, vinasogezwa kwa bisibisi. Noti ikizidi, kipande kinasogezwa nyuma, mbali na shingo. Ikipungua, kinasogezwa mbele. Lakini tazama kilipo sasa. Kwenye ile nyekundu yangu vilikuwa vimeshasukumwa nyuma mpaka mwisho, na noti bado zinazidi. Aliyekuwa nayo kabla yangu alishahangaika akashindwa, na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu.

Sasa piga kila noti. Besi yenye freti 20 na nyuzi nne ina noti 80 za kubonyeza; ukienda polepole ni dakika tano. Unatafuta sehemu ambayo uzi unakoroma, na sehemu ambayo sauti inakufa upesi kuliko majirani zake. Pitisha ncha ya kidole juu ya freti zenyewe: zikiwa na mabonde chini ya nyuzi, zimelika. Kubadilisha freti zote ni kazi ya fundi mzuri, na inaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe.

Umeme ni mwepesi zaidi. Zungusha vizungushio vyote. Vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu, dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme inamaliza. Tikisa jeki kwenye tundu lake. Sauti ikikatika, fundi redio yeyote anayejua kulehemu atarekebisha kwa bei ndogo. Haya ni makosa ya kuombea punguzo. Usiyakimbie.

Mwisho, ivae kwa mkanda usimame nayo dakika kumi. Nasema kumi kweli. Besi nyingi zina uzito wa kilo nne hivi, na usiku wa harusi unaweza kusimama kwa saa nne nzima. Ukiachia mkono wa kushoto na kichwa kikaanguka chini, utakuwa unakibeba usiku wote. Mwenye mikono mifupi aulize besi fupi: urefu wa kawaida wa uzi ni inchi 34, karibu sentimita 86, na fupi ni inchi 30. Hakuna aibu ndani yake.

Jina la kichwani na karatasi ya mauziano

Jina lililoandikwa kichwani linabandikwa na mtu yeyote mwenye stika. Squier ni daraja la chini la Fender, na si ajabu kukuta Squier iliyofutwa jina ikabandikwa la mama yake. Tazama namba ya usajili: Fender za Meksiko tangu 2010 huanza na MX, za Marekani tangu mwaka huo huanza na US. Namba inaweza kughushiwa pia, kwa hiyo rudi kwenye mikono yako: kingo za freti zinakwaruza kiganja? Funguo za kutyunia zinazunguka kwa ulaini? Squier nzuri inayouzwa kwa jina lake ni gitaa la heshima. Inayouzwa kwa jina la mama yake ni hela yako inayopotea.

Gitaa lililotumika lina jambo jingine zito: liliibiwa? Vyombo vya makanisa na bendi vinaibiwa kila mara, na wanamuziki wa mji mmoja wanajuana. Muulize muuzaji alilipata wapi, na kwa nini analiuza. Andikeni karatasi ya mauziano yenye namba ya gitaa, majina, namba za vitambulisho na shahidi; kwa bei kubwa, ofisi ya serikali ya mtaa wanagonga muhuri. Muuzaji halali haoni shida. Anayesema "achana na makaratasi bwana" amekujibu.

Ampu kutoka Japani

Hili nalitenga kwa sababu liliniuma. Ampu zilizotumika kutoka Japani ni nzuri na bei yake inavutia, lakini umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Niliichomeka moja nyumbani, nikasikia "tap", halafu harufu. Basi. Geuza ampu, soma kibandiko cha nyuma kabla ya lolote. Kikisema 100V, au 120V kwa za Marekani, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati zinazozidi zile zilizoandikwa kwenye ampu. Jumlisha bei hiyo kabla ya kufurahia punguzo.

Na usichomeke besi kwenye ampu ndogo ya gitaa la solo ukaifungulia. Spika yake haikutengenezwa kubeba mawimbi ya chini, inaweza kupasuka. Kwa mazoezi ya nyumbani wati 20 hadi 30 za ampu ya besi zinatosha. Ukumbini, pamoja na dramu, anza kufikiria 200 au 300, au uingie moja kwa moja kwenye miksa kupitia DI boksi, kile kisanduku kinachounganisha besi na miksa. Kama hela inatosha kitu kimoja, mimi ningenunua DI boksi, nikaacha ampu iwe ya ukumbi.

Ikifika nyumbani

Badilisha nyuzi. Seti ya kawaida imeandikwa 45 hadi 105, yaani unene kwa elfu za inchi. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani na jasho mikononi. Nyuzi zinashika kutu upesi. Tambaa kavu kwenye begi, futa kila uzi juu na chini kila ukimaliza kupiga, na nyuzi zitakaa miezi mingi zaidi. Zikishakuwa butu na hela hakuna, zivue uzichemshe kwenye maji dakika kumi, uzikaushe vizuri. Mafuta na uchafu vinatoka, sauti inarudi kwa wiki kadhaa. Nimefanya hivyo mara nyingi kabla ya shoo.

Chuma cha shingo usikizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja. Kulia kunakaza na kunyoosha shingo, kushoto kunalegeza na kuiachia iiname mbele. Tyuni, iache mpaka kesho, pima tena. Nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12 ikiwa milimita 2 hadi 2.5, mikono itapona. Alenki iliyokuja na gitaa iweke mfuko wa mbele wa begi, isitoke humo.

Kupiga na watu

Mazoezi ya peke yako yana kikomo. Besi inajifunzwa pembeni ya dramu. Kaa karibu na mpiga dramu, usikilize kiki, ile ngoma kubwa ya mguu. Noti yako na kiki zikitua pamoja, hata watu waliokaa mezani wanaanza kutikisa mguu bila kujua kwa nini. Zikipishana kidogo tu, wimbo unakuwa mzito na hakuna anayeweza kusema kosa liko wapi.

Wimbo mpya ujifunze kwa namba: ki gani, halafu unatembea moja, nne, tano, au unapitia sita? Waliokulia kwaya wanajua kwa do, fa, so. Ni kitu kimoja. Andika kwenye daftari dogo. Mwimbaji akisema "tupandishe kwa nusu", namba hazibadiliki, unahamisha mkono tu.

Kwenye rumba, vijana wengi wanakosea kwa kujaza. Besi ya rumba inaacha pengo, inaingia, inaacha tena. Ndani ya pengo hilo ndimo solo na ridhim zinapozungumza. Wapigaji wengi wa Kikongo hupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, kiganja kikigusa nyuzi kidogo karibu na daraja ili noti iwe fupi na kavu. Msikilize Ngouma Lokito, mpiga besi wa Kikongo, ikifika sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu: kazi ni nyingi, lakini noti haikanyagi nyingine. Kwa hapa kwetu, rekodi za zamani za bendi za dansi za Mlimani Park na Msondo ni shule tosha. Nyamazisha kila kitu kichwani, fuata besi peke yake kuanzia ubeti wa kwanza mpaka chemko.

Ukumbini, fika kabla ya wageni. Spika zikiwa ndogo, usiongeze mawimbi ya chini. Utaunguruma tu na noti haitajulikana. Punguza chini, ongeza katikati, noti itatoka. Ukijisikia vizuri pale jukwaani, mtume mtu asimame nyuma ya ukumbi akueleze kinachofika kule. Fundi mitambo msalimie kwa heshima mapema, maana usiku wako uko mkononi mwake.

Kuhusu shoti sitanii. Kumbi nyingi waya wa ardhini haupo, au umekatwa. Ukiwa umeshika nyuzi na mdomo ukagusa maiki, umeme unaweza kupita mwilini mwako. Chomeka ampu yako kwenye ekstensheni moja na miksa, na kabla ya kuimba gusa maiki kwa tesita huku umeshika nyuzi. Taa ikiwaka, usipige mpaka irekebishwe, hata kama MC anaita.

Malipo: ombeni kianzio cha nusu kabla ya siku, nusu nyingine kabla ya keki kukatwa. Baada ya saa sita usiku, kamati haionekani. Na fedha za kutunzwa mkubaliane mapema zinagawanywa vipi. Bendi yangu ya kwanza ilivunjika kwa noti za kutunzwa, wala si kwa muziki.

Kwenye bodaboda besi haipandi vizuri, kichwa chake kinagonga kila kitu. Lipa bajaji.

Kuuza

Uza ukiwa na nyingine mkononi, au huna shoo miezi miwili. Isafishe, itengeneze vitu vidogo vya bei ndogo, ipige picha nje mchana: mbele, nyuma, kichwa, freti kwa karibu, na kila mkwaruzo. Rekodi video ya dakika moja ikipigwa kupitia ampu. Kuhusu bei, tazama wengine wanauzaje aina hiyo hiyo, kisha anza juu kidogo upate nafasi ya kushuka.

Taja makosa kabla hujaulizwa. Besi yangu ya pili nilipoiuza kwa kijana wa kwaya mmoja, nilimwekea kidole kwenye freti ya 14 ya uzi wa G nikamwambia: "Sikia, hapa inakoroma. Nimekupunguzia elfu 50 kwa ajili yake." Akapiga pale mara nne, akaangalia wenzake, akatoa hela.

Kutaneni mahali pa mazoezi au dukani, mchana. Ujumbe wa muamala kwenye simu usikutoshe, kuna wanaoughushi. Angalia salio lako mwenyewe kabla gitaa halijatoka mkononi. Andikeni karatasi, kila mmoja nakala yake. Usikopeshe kwa maneno, hata kama ni ndugu wa mpiga dramu.

Miezi mitatu baadaye yule kijana alinipigia saa mbili usiku. "Shikamoo kaka. Nyuzi zimepanda, tuna mkesha kesho. Ule ufunguo wa shingo ni saizi gani, nikautafute?" Nikamwambia asihangaike, afungue mfuko wa mbele wa begi. Nikasikia zipu, halafu chuma kikigonga meza.

"Robo tu," nikamwambia. "Halafu uiache mpaka asubuhi."